Kabla ya Kutoboa Zege, Jua Kilichomo Ndani

Chukua kazi ya kawaida kabisa. Mwenye nyumba kwenye ghorofa ya tatu anataka choo kihamie upande wa pili wa bafu. Fundi bomba anahitaji tundu kwenye slabu la kupitisha bomba la inchi nne, yaani milimita 110, na ili lipite bila kubanwa tundu lenyewe litakuwa na upana wa milimita 120 hivi. Slabu ina nondo za milimita 12, zimepangwa kila sentimita 15 kwa pande zote mbili. Kati ya nondo na nondo basi umebaki uwazi wa milimita 138. Tundu linaenea, lakini kwa kujipenyeza: nafasi ya kucheza ni milimita 18 tu, kwa urefu na kwa upana. Piga hesabu. Fundi akisimamisha drili popote bila kujua nondo zimelala wapi, atapita salama mara moja katika kila matundu 70. Hata nondo zikiwa zimeachana kwa sentimita 20, atapona mara moja katika 9 hivi. Na hapo tumehesabu wavu mmoja. Slabu nyingi zina wavu wa chini na wa juu, na nyavu hizo hazilingani.

Sasa mpe fundi huyo huyo ramani ya nondo. Mara nyingi atahitaji kulisogeza tundu kwa upana wa kiganja tu, na hakuna chuma kitakachoguswa. Ndiyo maana nasisitiza jambo moja kuliko yote: kipimo cha zege kina faida pale tu ambapo tundu bado linaweza kuhama. Watu wengi humwita mpimaji wakati marumaru zimeshapangwa, choo kimeshanunuliwa na fundi anasubiri mlangoni akiwa na mashine. Mpimaji akisema hapa pana nondo, wanatazamana, kisha wanatoboa hapo hapo. Pesa ya kipimo imekwenda na slabu imejeruhiwa. Pima kwanza, halafu ndipo uchore bafu.

Ukitazama slabu iliyokwisha kupigwa plasta unaona kitu kimoja kizima. Aliyekuwepo siku ya kumwaga zege anajua habari nyingine. Asubuhi hiyo mirunda imesimama, mbao zimepakwa oili chafu, nondo zimefungwa, na chini vibarua wameshaanza kupanga mifuko ya saruji. Fundi umeme amepewa muda mfupi amalize kazi yake kabla ya ndoo ya kwanza. Anatembea juu ya nondo akilaza paipu zake za plastiki kutoka boksi la taa moja hadi jingine, na kwa kuwa paipu ni pesa na muda hautoshi, anapita njia ya mkato. Ukutani, waya kwa kawaida hupanda au hushuka wima kutoka kwenye swichi na soketi, kwa hiyo unaweza kukisia ulipo. Kwenye slabu huwezi kukisia hivyo: paipu hukatiza mshazari, hupishana na nyenzake, na wakati mwingine hupindishwa kukwepa nondo nene. Kisha kibarua anaikanyaga, inazama au inasogea, na zege linafunika. Mchoro wa umeme, kama ulikuwepo, unaonyesha taa na swichi zilipo. Paipu ilipita wapi hauonyeshi.

Kama unajenga sasa, una bahati ambayo mwenye jengo la zamani hana. Siku hiyo, kabla ya kumwaga, piga picha za kila chumba kwa simu. Piga ukisimama juu, picha ikishika kona moja ya jengo inayotambulika, na ulaze futi kamba juu ya nondo ili vipimo visomeke kwenye picha. Piga picha za ziada kwenye mabafu, jikoni, na kila mahali paipu zinapokusanyika kuelekea kwenye boksi kubwa la sakiti. Zihifadhi pahali zaidi ya pamoja, kwa sababu simu zinaibwa na kuharibika, na mtu atakayezihitaji huenda akawa mwanao miaka 20 ijayo.

Nondo na paipu za waya ni mwanzo tu. Yapo mabomba ya maji yaliyofichwa ndani ya sakafu na kuta, mabomba ya maji taka, na siku hizi mabomba ya gesi, kwa kuwa yako majengo ya ghorofa yanayopelekewa gesi ya kupikia kwa bomba kutoka kwenye matangi ya pamoja. Chini ya jamvi la ghorofa ya chini kuna hatari ambayo watu huisahau: kebo kubwa ya umeme inayoingia kwenye nyumba. Kebo hiyo ilizikwa uani zamani. Baadaye mwenye nyumba akaongeza chumba, au baraza, au sehemu ya kuegesha gari, akamwaga jamvi juu yake. Leo anataka kufunga nguzo ya geti. Fundi anayetoboa jamvi hilo hana mchoro wowote wa kumwonya, na kebo iliyo kabla ya mita haizimwi kwa swichi yoyote iliyomo ndani ya nyumba. Ukiona jengo limeongezwa, uliza kwanza umeme unaingilia wapi, na kama hujui, waite shirika la umeme.

Kuhusu vifaa, nianze na kile kidogo kinachouzwa kwenye maduka ya zana, kinacholia kikipitishwa ukutani. Kina kazi yake. Kwa tundu la skrubu ya kuning'iniza picha kwenye ukuta wa matofali, kinatosha. Kwenye zege lenye nondo nyingi kitalia kila mahali, na mwishowe fundi atakizima na kukiweka mfukoni. Kipo pia kipimo cha sumaku kinachotumiwa na wahandisi kutafuta nondo na kupima zimefunikwa na zege la unene gani. Kwa nondo zilizo karibu na uso, sentimita kadhaa, ni sahihi sana, na pengine kinashinda hata rada nitakayoieleza hapa chini. Lakini kinasikia chuma tu. Paipu ya plastiki kwake haipo.

Vifaa vinavyotafuta waya wenye umeme vinahitaji tahadhari inayotuhusu sisi hasa. Vinasikia mtikisiko wa umeme wa hetsi 50 unaotembea ndani ya waya. Waya usio na umeme haupigi kelele yoyote. Ukipima wakati umeme umekatika mtaani, kifaa kitanyamaza kimya, utaweka alama ya salama, na saa moja baadaye umeme utarudi fundi akiwa katikati ya kutoboa. Kwa hiyo wakati wa kupima, washa kila kitu: taa zote, feni, birika la umeme, hita ya maji, kiyoyozi. Waya uliobeba mzigo unasikika vizuri zaidi. Hata hivyo nyaya za paneli za sola zinazoshuka kutoka juu ya paa hubeba umeme wa mkondo mmoja, na kifaa cha kusikiliza hetsi 50 hakizisikii kabisa.

Chombo kinachobeba kazi kubwa leo ni rada ya kupenya zege. Ni kisanduku chenye magurudumu kinachosukumwa juu ya sakafu au ukuta kwa mkono. Kinatuma mawimbi ya redio ndani ya zege na kusikiliza yanayorudi. Teknolojia yenyewe si ngeni. Mwaka 1972 chombo cha Apollo 17 kilibeba rada ya jamaa hii kuchunguza kilichoko chini ya uso wa Mwezi. Ya kwenye zege hutumia mawimbi mafupi zaidi, aghalabu ya kati ya gigahetsi 1.5 na 2.7, na huona kwa uhakika hadi kina cha sentimita 30 au 40 zege likiwa kavu. Chuma hurudisha wimbi lote. Plastiki tupu hurudisha kidogo sana.

Ukisimama nyuma ya mpimaji na kutazama skrini, hutaona picha ya nondo kama ya kamera. Utaona matao, kama kucha zilizopangwa mstari mmoja. Kila tao ni kitu kimoja: rada ilianza kukisikia kabla haijakifikia, ikakisikia kwa karibu zaidi ilipokuwa juu yake, na ikaendelea kukisikia ilipokuwa inaondoka. Ncha ya juu ya tao ndipo kilipo. Nondo hutoa matao yanayofuatana kwa umbali wa kulingana, na mtu hata asiye mtaalamu atautambua ule mpangilio baada ya dakika chache. Tao lililokaa peke yake, lisilofuata mpangilio huo, ndilo la kuulizia. Huenda ni paipu ya waya. Huenda ni bomba. Likionekana kwenye kila mstari unaopimwa, likisogea kidogo kidogo upande mmoja, basi ni kitu kinachokatiza mshazari, na nimeshaeleza ni nani hulaza vitu mshazari.

Kutokana na namna rada inavyofanya kazi, kuna mambo ambayo mteja anapaswa kuyadai bila aibu. La kwanza ni kwamba eneo lipimwe kwa pande mbili. Rada huona vizuri kitu kinachokatiza njia yake. Ikitembea sambamba na nondo, nondo hiyo inaweza kutokea kama mstari bapa unaofanana na uso wa zege, au isionekane kabisa. Mpimaji makini huchora gridi ya mistari ya kila sentimita 5 au 10 na kupita yote, kwenda na kukatiza. Anayepita mara moja upande mmoja na kusema pako safi amepima nusu ya kazi.

La pili ni kina, na hapa watu hudanganyika sana kwa sababu namba kwenye skrini inaonekana ya uhakika. Rada haipimi kina. Inapima muda wa wimbi kwenda na kurudi, kisha inakisia kina kwa kasi ambayo mpimaji ameiweka. Kasi hiyo hutegemea unyevu. Kwenye zege kavu wimbi hukimbia, kwenye zege lenye maji huenda polepole. Tuseme chombo kimewekwa kwa zege kavu, kasi ya sentimita 12 kwa nanosekunde, lakini sakafu ya bafu lako imelowa kwa miaka na kasi halisi ni sentimita 10. Paipu iliyo kwenye kina cha sentimita 8 itaandikwa karibu sentimita 10. Fundi anayeambiwa ana sentimita 10 za usalama anaingiza drili sentimita 9 kwa amani kabisa. Kosa liko upande mbaya. Mpimaji anapaswa kurekebisha kasi palepale, kwa mfano pahali unene wa slabu unajulikana kwenye ukingo wa ngazi, na hata akifanya hivyo acha nafasi ya ziada.

Unyevu unaleta tatizo jingine: zege jipya. Slabu ya wiki mbili bado ina maji mengi, na maji humeza mawimbi. Ukilazimika kupima mapema, jua kwamba unaona juu juu tu. Nondo zilizobanana nazo hufunika kilicho chini yake, ndiyo sababu inafaa kupima juu ya sakafu na pia chini, kwenye dari la jirani, kama atakubali. Na kuna pembe. Chombo kina upana wake. Hakiwezi kufika kabisa ukutani, kwa hiyo ukanda wa sentimita kadhaa kando ya kila ukuta haupimiki. Mabomba ya choo hupenda sana kukaa kwenye ukanda huo.

Mionzi kama ya eksirei inaweza kutoa picha iliyo wazi zaidi, lakini inataka filamu upande wa pili wa zege na chanzo cha mionzi, kama iridiamu-192, upande wa kwanza. Watu lazima waondolewe kwenye ghorofa za juu na chini, na anayefanya kazi hiyo nchini Tanzania lazima awe na kibali cha Tume ya Nguvu za Atomiki. Kwa nyumba ya kuishi, sioni sababu.

Kuna kitu kimoja ndani ya zege ambacho hakivumilii kubahatisha hata mara moja. Maegesho ya magari, maduka makubwa na majengo ya ofisi ya karibuni mara nyingi yana slabu zilizovutwa kwa kebo za chuma. Ndani ya zege hupitishwa nyaya saba zilizosokotwa pamoja, unene wa milimita 12.7 au 15.2, na baada ya zege kushika huvutwa kwa jeki na kufungwa kwenye kingo za slabu. Chuma chake kina nguvu karibu mara nne ya nondo ya kawaida. Kebo moja ya milimita 12.7 hukaa ndani ya sakafu ikiwa imevutwa kwa nguvu ya zaidi ya tani 10, usiku na mchana, kwa maisha yote ya jengo. Ukiikata, nguvu hiyo inatafuta pa kutokea. Kebo iliyopakwa grisi na kuvikwa plastiki ikikatwa hulegea kwa urefu wake wote, ikaacha kubeba sakafu za vyumba ambavyo hata hujaviona, na inaweza kupasua zege au kuchomoka ukingoni mwa jengo, mbali na aliyekata.

Zaidi ya hapo, kebo hizi hazilali kina kimoja. Juu ya nguzo hupanda karibu na uso wa juu wa slabu, kati ya nguzo na nguzo hushuka karibu na uso wa chini. Fundi aliyetoboa salama sentimita 5 mahali pamoja hana dhamana mita tatu mbele. Dalili za nje zipo: slabu nyembamba inayovuka masafa marefu bila boriti, na kwenye ukingo wa slabu viraka vya saruji vilivyopangana kwa vipimo sawa, mahali jeki zilipovutia. Ukiona hayo, usitoboe hata tundu la kuning'iniza bango mpaka mhandisi mwenye michoro ya kebo aonyeshe njia, na rada ithibitishe.

Nguzo na boriti nizitaje kwa ufupi: usizikate, usizitoboe, na usimruhusu fundi yeyote azichimbe kutafuta pa kupitisha bomba, bila idhini ya maandishi ya mhandisi wa majengo aliyesajiliwa. Ila eneo la slabu linalozunguka nguzo nalo lina uzito wake, hasa pale slabu inapokaa moja kwa moja juu ya nguzo pasipo boriti. Hapo nguzo inasukuma kutoka chini kana kwamba inataka kupenya, na kinachoizuia ni zege na nondo za eneo dogo sana. Kanuni za usanifu za Ulaya zinamtaka mhandisi alihesabu tundu lolote lililo ndani ya umbali wa mara 6 ya kina cha slabu, kinachopimwa hadi kwenye nondo zake, kutoka kwenye nguzo. Kwa slabu ya sentimita 25 huo ni umbali wa mita moja na robo hivi. Watu wengi hawadhani kwamba mita nzima kutoka kwenye nguzo bado ni eneo la nguzo.

Duka la Sampoong mjini Seoul, Korea Kusini, lilianguka tarehe 29 Juni 1995 na kuua watu 502. Makosa yalikuwa mengi na yalirundikana: ghorofa iliyoongezwa nje ya mpango wa awali, nguzo nyembamba kuliko zilivyochorwa, viyoyozi vizito vilivyoburutwa juu ya paa. Miongoni mwake lilikuwamo hili linalotuhusu, kwamba nguzo zilizokuwa karibu na ngazi za umeme zilipunguzwa ili kupisha milango ya kuzuia moto. Jengo lilikuwa la slabu zilizokaa juu ya nguzo bila boriti. Silitaji kwa kutisha watu kwamba tundu la choo litaangusha ghorofa. Nalitaja kwa sababu kila aliyekata pale alikata kidogo.

Nyumba nyingi za Nairobi na miji mingine ya Kenya zina slabu za aina nyingine, za matofali yenye uwazi yaliyopangwa kwa mistari, na katikati ya mistari mbavu nyembamba za zege zenye nondo. Hapa ushauri ni mwepesi kuliko kwingine. Nguvu kubwa imo kwenye mbavu. Tofali ni la kujazia tu. Gonga kwa nyundo upande wa chini na usikilize, utasikia sauti ya uwazi ikibadilika kuwa nzito unapofika kwenye ubavu. Toboa kwenye tofali, na ubavu uuache. Huko Mji Mkongwe wa Zanzibar na Lamu mambo ni tofauti zaidi, kwa kuwa sakafu za zamani ni mawe ya matumbawe na chokaa juu ya boriti za mikoko, lakini nyingi zimemwagiwa zege juu wakati wa ukarabati. Usichukulie kwamba unajua unachotoboa mpaka umeona ukingo wake.

Sasa siku ya kazi. Umeme uliouwasha wakati wa kupima unauzima wakati wa kutoboa, na kuzima kwenyewe kunahitaji akili kidogo kwenye nyumba zetu. Ukizima meni swichi, jenereta linalojiwasha lenyewe litadhani umeme umekatika na litawasha nyaya zile zile. Inveta yenye betri itafanya hivyo hivyo, bila kelele. Paneli za sola hutoa umeme maadamu jua lipo, hata kila swichi ndani ya nyumba ikiwa chini. Zima kila chanzo mahali pake, weka kufuli au angalau kibandiko na mtu wa kusimama hapo, kisha jaribu soketi zilizo karibu na eneo la kazi kwa testa. Drili yenyewe ilishwe umeme kutoka sakiti nyingine ya mbali au jenereta dogo la pekee, ikipitia kifaa kinachokata umeme unapovuja.

Anayepaswa kuwepo wakati wa kuchora alama ni fundi atakayetoboa, wala si msimamizi peke yake. Alama za chaki ni lugha ya mpimaji, na fundi asiyeelewa kwamba mstari mwekundu ni waya na mweupe ni nondo atazipita zote. Wakubaliane rangi, waandike kina pembeni ya kila mstari, na fundi aoneshe kwa kidole mahali atakapoweka drili kabla mpimaji hajaondoka. Acha sentimita 5 kati ya ukingo wa tundu na alama ya waya au bomba, kwa sababu alama yenyewe ina unene na mkono wa binadamu una mtetemo.

Anza na tundu dogo la majaribio kwa drili ya kawaida ya nyundo, ukiwa umefunga utepe kwenye biti kuonyesha kina cha kusimama. Drili ya nyundo ina ukweli ambao mashine ya meno ya almasi haina: ikigonga nondo inakataa, inaruka, sauti inabadilika kuwa ya chuma. Mashine ya almasi inayokata tundu la duara kwa maji hupita zege, chuma, plastiki na shaba kwa utulivu ule ule, na mara nyingi fundi hugundua alichokata anapotoa kile kipande cha zege na kukuta duara la shaba linang'aa ubavuni. Ukitoboa tazama vumbi. Vumbi la zege ni la kijivu. Ukiona chembe zinazometa ni chuma. Ukiona vinyuzi vya rangi, vyeupe au vyeusi, ni plastiki, na hapo unasimama papo hapo, hata kama ni sentimita moja tu imebaki. Unyevu unaopanda kwenye biti unasimamisha kazi vile vile.

Ukikuta nondo, usibadilishe biti ukaichinja. Sogeza tundu. Kama haiwezekani kabisa, mhandisi aamue ikatwe ipi na kiongezwe nini. Na kama umeikwaruza tu, lizibe jeraha hilo kwa mchanganyiko imara wa saruji usiopitisha maji, hasa Mombasa, Tanga, Dar es Salaam na visiwani. Chumvi ya bahari inaingia kwenye tundu lililoachwa wazi, nondo inaanza kuliwa na kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chake, ikapasua zege kutoka ndani. Dari inayomenyeka kwenye jengo la pwani inaweza kuwa ilianzia mahali padogo kama hapo.

Chini ya sakafu inayotobolewa asikae mtu. Kipande cha duara cha upana wa sentimita 15 kutoka slabu ya sentimita 20 kina uzito wa kilo 8 na nusu hivi, na kinaanguka ghafla mashine inapomaliza. Kipande cha mraba cha sentimita 60 kwa 60 kwenye slabu ya sentimita 15 kinafika kilo 130. Ghorofa ya chini izungushiwe utepe na mtu asimame hapo. Na vumbi: kukata zege kwa grinda bila maji hutoa silika laini inayoganda kwenye mapafu na haitoki. Madhara yake huja baada ya miaka, fundi akiwa ameshasahau kazi ile. Kata kwa maji, na ununue barakoa zinazochuja vumbi, maana kitambaa kilichofungwa puani hakizuii chochote. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, ya 2003 Tanzania na ya 2007 Kenya, inamtwika mwajiri jukumu hilo. Kibarua wa siku moja naye ni mfanyakazi.

Unapomtafuta mpimaji, usimuulize kwanza ana mashine gani. Muulize atapima kwa pande ngapi, atarekebishaje kina, na atakuachia nini kwa maandishi. Akishamaliza, muulize swali moja zaidi: ni sehemu gani hukuiona? Mtaalamu wa kweli atakujibu mara moja. Atakuonyesha kona ambayo chombo hakikufika, eneo ambalo nondo za juu zimeficha za chini, na mahali anaposhuku kuna plastiki tupu lakini hana hakika. Anayejibu kwamba ameona kila kitu, mlipe nauli yake na utafute mwingine.

Mpangaji asiye na mamlaka juu ya jengo aombe ruhusa kwa maandishi kabla ya kutoboa sakafu au dari, na aombe wakati huo huo michoro au picha zozote mwenye nyumba alizonazo. Na kazi ikiisha, kabla ya marumaru kufunika alama za chaki, zipigwe picha pamoja na futi kamba, ziambatanishwe na taarifa ya mpimaji, na nakala abaki nayo mwenye jengo na nyingine msimamizi wake.